Kampuni ya vitabu pepe iliyonilia ritifaa: uzoefu wangu

Kampuni yenyewe siitaji. Mkataba wangu nao haujaisha na sitaki kesi. Lakini kama unaandika kwa Kiswahili na umekutana na watu wanaokuambia "lete mswada tu, kazi nyingine tuachie sisi", vumilia usome mpaka chini.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Hii ya karibuni inaitwa Ng'ambo ya Daraja. Liangalie vizuri hilo jina, hasa kile kialama baada ya g, kinachoitwa ritifaa, maana ndicho kilichonikosesha usingizi. Inapatikana kama kitabu pepe tu, haijachapwa kwenye karatasi. Ndiyo, najitangaza humu humu katikati ya malalamiko. Waliolipwa kunitangaza wameharibu, kwa hiyo nitajitangaza popote nitakapopewa nafasi ya kufungua mdomo.

Huduma yao ina sehemu mbili. Kwanza wanaugeuza mswada wako kuwa faili la kusomeka kwenye simu na vishikwambi na kuliweka madukani. Pili wanakutangaza, na njia yao kuu ya kutangaza ni kumwomba mwandishi aandike makala fupi kuhusu vitu anavyovipenda katika mji aliokulia. Nilipoambiwa hivyo niliguna. Mimi nimeandika riwaya ya watu wanaodaiana ukweli, wao wananitaka niwe mwongoza watalii! Lakini nilipokaa kuandika, kalamu ilikimbia. Nikaandika juu ya benchi la kituo cha zamani ambapo hakuna gari linalosimama tena ila watu bado wanakaa kana kwamba linakuja. Nikaandika juu ya fundi viatu anayemsomea kila mteja magazeti ya wiki iliyopita kwa sauti, kiatu kikiwa gotini. Nikaandika juu ya kiti cha dirishani maktabani na juu ya mahali chini ya daraja ambapo watoto wa pande mbili za mto hutukanana kwa raha zao. Mji wenyewe siutaji hapa. Anayetaka kuujua anunue kitabu, umo tangu sura ya kwanza.

Makala ikatoka. Ikaanza hivi: "Nilizaliwa ngâ€™ambo ya daraja."

Nikadhani ni simu yangu. Nikaifungua kwenye kompyuta, yale yale. Yule fundi viatu alikuwa "anangâ€™angâ€™ania" kusoma. Halafu, kwa kuwa shari haiji peke yake, mtu fulani ofisini alikuwa ameongeza sentensi zake mwenyewe juu ya "mandhari ya kuvutia" na "wenyeji wakarimu". Mimi sijawahi kuandika neno mandhari maishani mwangu. Na wenyeji wa kwetu si wakarimu, ndiyo maana nimewaandikia riwaya.

Bado sikuwa na hasira. Hasira ilikuja nilipofungua kitabu chenyewe.

Katika riwaya yangu watu wananong'ona sana. Ni hadithi ya siri, watanong'ona tu. Kuna ng'ombe aliyepotea, kuna king'ora usiku, kuna mtu anayeng'ata kucha kila akidanganya, na kuna bibi ambaye jibu lake kwa kila ombi ni "ng'o!" Piga hesabu mwenyewe. Pale ambapo bibi anamkatalia mjukuu wake nyumba, mahali nilipotaka msomaji asimame kidogo, pameandikwa "Ngâ€™o!" Hapo anayesimama ni msomaji anayejiuliza kama simu yake imeingiliwa na virusi.

Nieleze kidogo kilichotokea, maana nilihangaika mpaka nikakijua na sitaki kibaki kwangu. Ukiandika ritifaa, programu nyingi za kuandikia huibadilisha yenyewe kutoka ile iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Hakuna ubaya. Ile iliyopinda ikihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuweka herufi kwenye kompyuta, huchukua baiti tatu. Sasa programu nyingine ikija kulisoma faili hilo kwa jedwali la zamani la herufi la Windows, haioni alama moja yenye baiti tatu, inaona alama tatu tofauti: â, halafu €, halafu ™. Basi. Hakuna uchawi, hakuna virusi. Ni mtu aliyebonyeza kitufe kisha asifungue hata ukurasa mmoja kutazama alichokitoa.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna lugha zenye nukta juu ya herufi, zenye mikia, zenye kuandikwa kutoka kulia. Wenye lugha hizo wana haki ya kuhangaika na kompyuta. Kiswahili hakimdai mtu chochote! Herufi zetu zote zimo katika ASCII, jedwali la alama 128 lililotolewa Marekani miaka ya 1960, na ritifaa iliyonyooka imo humo humo. Kitu kinachoandikika kwa kompyuta tangu miaka ya 1960, kampuni ya vitabu ya leo imekishindwa.

Nikawapigia. Akapokea kijana mmoja, sauti nzuri, adabu ya mwanzoni ya kutosha.

"Pole sana dada. Tutumie namba za kurasa zenye makosa, tutarekebisha."

Nikamwuliza, "Namba za kurasa kwa ukubwa gani wa herufi, mdogo wangu?"

Kimya.

Kitabu cha namna hii hakina kurasa zisizobadilika. Maandishi hujipanga upya kulingana na kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Ukurasa wa arobaini kwangu ni wa sabini kwa mama yangu, ambaye huweka herufi kubwa kama za bango la barabarani. Mtu anayeuza vitabu pepe kwa riziki yake alipaswa kulijua hilo kabla yangu. Nikamweleza kwa upole. Kweli kabisa, kwa upole. Ndipo adabu yake ilipokatika.

"Lakini dada, hizo ni alama ndogo tu. Msomaji akiona hapo si ataelewa kwamba ni ng'ombe? Mbona waandishi wengine hawalalamiki?"

Mbona wengine hawalalamiki. Sentensi hiyo nimekaa nayo tangu wakati huo. Nimeoga nayo, nimelala nayo. Nimeandika majibu yake kichwani mengine mazuri kuliko mazungumzo yote ya riwaya yangu. Siku ile nilichoweza kusema ni kwamba kama ni alama ndogo basi itakuwa kazi ndogo, wairekebishe. Akasema sawa.

Wakarekebisha. Sijui kama niseme walirekebisha. Baada ya muda usio mfupi nikaletewa faili jipya, na humo ritifaa zote zimefutwa. Zote. Ngombe. Wakanongona. Kingora. Bibi sasa anasema "Ngo!" kama anayegonga mlango. Jina la kitabu dukani likawa Ngambo ya Daraja. Nikapiga tena, kijana yule yule, na jibu lake nalinukuu neno kwa neno: "Si ulisema zinakusumbua? Tumeziondoa."

Nilikata simu. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna mahali pa kuweka sifuri.

Ngoja. Nitende haki kidogo. Jalada walilonitengenezea ni zuri mno. Binti aliyelichora (sijawahi kuonana naye, tuliandikiana tu) aliusoma mswada wote, kitu ambacho nadhani hakuna mwingine katika jengo lile aliyekifanya. Alijua daraja langu halina kingo upande mmoja, akalichora hivyo bila kuambiwa. Alijua pia kwamba bibi havai miwani mpaka sura ya mwisho. Nikilitazama jalada lile nasahau yote. Nasahau kwa dakika tano.

Na ile makala ya vitu ninavyovipenda, pamoja na uchafu wake wote, ilitembea. Watu wa mji ule waliisoma, wakaanza kuniandikia. Mmoja alibisha kwamba fundi viatu hasomi magazeti, anayabuni, hajui kusoma. Mwingine akamjibu kwamba alimfundisha yeye mwenyewe. Mama mmoja alisema yeye ndiye alikuwa akitukana chini ya daraja kwa sauti kubwa kuliko wote na anashangaa sikumtaja. Nilicheka peke yangu mezani. Baadhi yao walinunua kitabu. Kwa hiyo siwezi kusema utangazaji wao haufanyi kazi, unafanya. Walichokosea ni kuwapeleka wasomaji wangu kwenye mlango uliovunjika. Tuseme nyota tatu.

Nilikuwa nimeshaandika hiyo tatu nilipokumbuka ujumbe wa msomaji mmoja asiyeona vizuri. Yeye husomewa vitabu na sauti ya simu. Aliniuliza kwa heshima zote kama kitabu changu kweli ni cha Kiswahili, kwa sababu sauti ilikuwa inakisoma kwa matamshi ya Kiingereza na hakuambulia kitu. Nikalifungua faili nione. Faili la EPUB, ile aina ya faili ya vitabu pepe kama changu, kwa kweli ni kifurushi cha zipu, ndani yake mna kurasa kama za tovuti na karatasi moja ya maelezo. Mambo matatu lazima yawemo katika maelezo hayo: jina la kitabu, kitambulisho chake na lugha yake. Sehemu ya lugha waliandika "en". Kiingereza! Riwaya nzima ya Kiswahili imesajiliwa kama ya Kiingereza, ndiyo maana sauti ilikosea, ndiyo maana maneno yalikuwa yanakatwa mwishoni mwa mstari mahali pa ajabu, na ndiyo maana ukigusa neno unafunguliwa kamusi ya Kiingereza. Herufi mbili tu zilitakiwa, "sw". Mtu asiyeona alinunua kitabu changu akapewa kelele. Hilo silisamehi. Punguza nyota moja. Hapana, punguza mbili.

Mwishowe nililisafisha mwenyewe. Kuna programu ya bure inaitwa Sigil, inafungua EPUB na kukuonyesha matumbo yake. Mimi si fundi wa kompyuta, ila kutafuta na kubadilisha naweza. Nilichukua faili lao la kwanza, lile la â€™, kwa sababu angalau pale alama ilikuwepo, imevaa nguo mbaya tu. Nikabadilisha zote kwa mpigo, nikaweka "sw", nikalipitisha kwenye EPUBCheck, ambayo nayo ni ya bure, kuhakikisha sijavunja kitu kingine. Ilikuwa kazi ya jioni moja, na chai ikapoa. (Tahadhari kwa wenzangu: EPUBCheck inakagua umbo la faili, haijui ng'ombe wala ngombe. Ndiyo maana faili lao bovu nalo lilipita bila kosa. Hakuna mashine itakayokusomea kitabu chako.)

Nikawapelekea faili safi. Jibu: mfumo hauruhusu mwandishi kuleta faili lake mwenyewe, na waliokwisha nunua hawawezi kubadilishiwa.

Hapo nilisimama kwenye kiti. Hawawezi? Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya wateja wake ikafuta vitabu viwili vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja waliamka hawana kitabu, wakarudishiwa pesa. Lilikuwa jambo la aibu na Amazon ikaomba radhi, lakini lilituonyesha sote kwamba kitabu pepe kinafikika hata baada ya kuuzwa. Ikiwa mkono unafika kunyang'anya, unashindwaje kufika kurekebisha? Faida ya kitabu kisicho na karatasi si ndiyo hiyo, kwamba hakuna maelfu ya nakala ghalani za kuchoma moto kwa kosa moja? Niliyaandika hayo yote kwa barua. Hayakujibiwa.

Kisha siku moja, bila neno, faili langu likawa limewekwa. Jina dukani likarudi Ng'ambo ya Daraja. Hakuna aliyeniambia, hakuna aliyeomba radhi. Namshuku yule binti wa jalada. Kama ni wewe na unasoma hapa, nitakutaja kwenye ukurasa wa shukrani wa riwaya ijayo, kwa jina lako kamili, kama watakuruhusu.

Je, nitawapa riwaya ijayo? Jana ningesema ng'o. Leo sina hakika, kwa sababu sijui mwingine mwenye jalada kama lile. Labda nitawapa jalada na makala ya kutangaza tu, faili nifunge mwenyewe.

Kwa mliokwisha nunua: ukienda kwenye maktaba ya simu yako na ukaona jina halina ritifaa, faili hilo ni bovu. Lifute, kisha lipakue upya kutoka pale pale uliponunulia, hulipi mara ya pili. Likigoma, niandikie unionyeshe risiti, nitakutumia safi mimi mwenyewe. Wanaosikiliza kwa sauti, jaribuni sura ya tatu kwanza, pale bibi anapokataa. Ikitamka "ng'o" sawasawa, endeleeni.