Wanawake Wanne wa Wangechi Mutu katika Jumba la Metropolitan

Ukuta wa mbele wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, uliosanifiwa na Richard Morris Hunt na kukamilika mwaka 1902, una vidaka vinne vilivyokusudiwa kuwekwa sanamu, lakini vilibaki vitupu kwa miaka 117. Septemba 2019 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, aliwaketisha humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, na kwa maoni yangu ni maonyesho machache ya wakati huo yaliyosema jambo zito kiasi hicho kuhusu mwili wa mwanamke katika uchongaji.

Uzito huo unaeleweka vizuri mtu akikumbuka kazi waliyopewa wanawake katika sanamu za kale. Katika hekalu la Erechtheion, Athens, wanawake sita wa mawe walichongwa wakibeba paa kwa vichwa vyao. Na mafundi wa Kiluba, huko Kongo, walichonga viti vya kifalme vinavyoshikiliwa na mwanamke, mara nyingi aliyepiga magoti. Uzuri wa viti hivyo siukatai, na Waluba waliupa mwili wa mwanamke heshima kubwa katika mambo ya utawala na mizimu. Hata hivyo, anayekalia kiti ni mwingine. Mutu amewatua mzigo huo. Wanawake wake wametulia, migongo imenyooka, na juu yao hakuna paa wala mfalme. Wamefunikwa na mizunguko iliyowabana hata mtu asiweze kuamua kama ni nguo, ngozi au deraya. Vichwani wana visahani vilivyong'arishwa, kimojawapo kikiwa mdomoni mithili ya ndonya (pambo la mdomo), vinavyomrudishia mtazamaji mwanga wa jua.

Mpango wa kuwaonyesha nje ulikuwa wa haki: walionekana kutoka Fifth Avenue bila tiketi, ilhali mgeni mtu mzima kutoka nje ya jimbo alilipa dola 25 kuingia ndani. Kasoro ni kwamba kidaka huficha mgongo, na sanamu hizi zinastahili kuzungukwa. Linalonisikitisha zaidi ni kuwa ziliwekwa kwa muda tu, na baadaye vidaka vikapewa wasanii wengine.

Jumba hilohilo linamiliki kiti cha Kiluba cha fundi anayejulikana kama Bingwa wa Buli. Ningependa sanamu mojawapo ya Mutu ionyeshwe kando yake, watazamaji wapewe nafasi ya kuzizunguka zote mbili.