Ringi za manjano za kitrekta cha ami: karakana ya njia ya Amani, nawapa nne kwa tano

Asalam alaykum jamani. Nilisema ntaandika nikishakaa na hizi ringi masika moja nzima, mana rangi yoyote kiangazi inapendeza, masika ndo inajulikana. Sasa masika imepita, basi naandika.

Chombo chenyewe ni John Deere 112, vile vitrekta vidogo vya Marekani vya kukatia majani, cha miaka ya sitini mwishoni. Ami yangu alitumiwa na mwanawe ndani ya kontena pamoja na majokofu na baskeli, na sasa kinafanya kazi kwenye kigesti chake Jambiani, Unguja, asubuhi kinakata majani, jioni kinavuta kitoroli cha mwani uliotupwa na maji. Mwili kijani miguu manjano. Injini haina neno hata kidogo, inawaka mara moja kuliko Vespa yangu. Tatizo miguu.

Ringi za mbele ni inchi 8, za nyuma inchi 12, zote chuma cha kukandamizwa, si alumini, na Jambiani chumvi haikuombi ruhusa. Ila hii ilikuwa inaliwa pande mbili, na hilo sikulijua mwanzo. Kule kwao tairi za nyuma wanazijaza maji ili trekta iwe nzito isiteleze, na kwa vile kwao baridi kali maji yanaganda, wanatia ndani chumvi moja inaitwa kalsiamu kloraidi. Huku kwetu barafu iko kwenye friji tu lakini yale maji yamekuja nayo hivo hivo ndani ya kontena, yanavuja polepole kwenye valvu, ringi inaoza kwa ndani huku nje inachekelea. Tulikuja kuyamwaga sisi, ukizungusha ringi unaona pale penye tundu la valvu pamechimbika kama jino bovu.

Mara ya kwanza nilipeleka pahala pengine, simtaji mtu. Kaja na grainda na brashi ya waya, dakika ishirini tairi ikiwa juu ya ringi vilevile, kafunga gazeti, praima (rangi ya chini) ya kopo, rangi ya mafuta juu, adhuhuri hajafika nimeshachukua mzigo wangu. Elfu 60 zote nne nikajiona mjanja. Rangi yenyewe kaniwekea ile ya katapila, njano ya embe boribo lililoiva, wakati John Deere njano yake inakwenda kwenye ndimu, ami akaiona tu akasema "hii umemkata miguu greda umempachika huyu." Mwaka haujatimia malengelenge tele. Nikatoboa moja kwa ukucha likatoka tone la maji, nikaliramba (mjinga mimi, msifanye), chumvi tupu. Yaani alipiga rangi juu ya chumvi, na chumvi ikishafungiwa chini ya rangi inavuta unyevu inajaa maji, unakuwa umejipikia kutu mwenyewe.

Ndo nikaja hapa Amani. Karakana ya banda tu, vijana watatu na fundi mkubwa, kazi zao nyingi ringi za Vespa na bodi za daladala. Neno la kwanza fundi kuniambia ilikuwa "tairi zitoke kwanza, kaka, mimi sipaki rangi ringi iliyovaa." Nikampenda hapo hapo. Tairi zilivotoka ndo nikaona kitu sijawahi kukiona, ule ukingo ambao mdomo wa tairi unaukalia ulikuwa bado na rangi ya kiwandani, jua halijaigusa miaka hamsini na kitu, njano mbichi kabisa. Na cha kuchekesha haikuwa kazi ya maajabu. Mbele imejaa vizuri, nyuma nyepesi mpaka unaona chuma, pembeni kuna machozi mawili ya rangi yameteremka yakakaukia hapo, na mshono wa welding haukusuguliwa wala nini, umepakwa juu kwa juu. Mng'ao wake wa wastani tu. Fundi akaigeuza geuza akasema, "Kaka, hii si ya mwanafunzi kweli?" Nikamwambia ndo ya kiwandani hiyo, walikuwa wanapiga maelfu, nani atamaliza siku kwenye ringi ya kukatia majani.

Kijana mmoja akashauri tupige silva kama za Vespa, mana Vespa ringi zake zinatoka kiwandani na rangi ya alumini na wao wanayo tele. Mwengine anataka nyeupe. Kwa kweli weupe nao upo kwenye ukoo, John Deere kati ya 1969 na 1971 walitoa vitrekta vyeupe vya kupendezesha bustani, boneti unachagua nyekundu, rangi ya chungwa, manjano au buluu. Lakini chetu kijani, na ami hataki mzaha.

Kazi sasa. Siku ya kwanza hakugusa msasa, aliziosha. Maji ya bomba, sabuni, brashi, suuza, anika juani. Siku ya pili akaziosha tena! Mimi nimetoka shamba kwa daladala nakuta mtu anaosha ringi kama sufuria, nikakasirika nikamwambia fundi mie sikuleta vyombo vya jikoni. Hakujibu, akacheka tu. Halafu akazipiga mchanga kwa kompresa, na mchanga wa pwani hautaki, anasema huo unarudisha kile kile tulichokitoa jana. Palipochimbika kwenye valvu akapachomea, akasaga. Praima ya epoksi akaipiga mara mbili, ndani ya ukingo pia, halafu rangi ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuikaushia ikawa ngumu. Njano aliitafuta kwa jicho, kachanganya kijikopo kwa kijikopo akipaka kwenye bati analiweka ubavu kwa ubavu na ule ukingo, jaribio la nne sikuweza kujua ipi ya Marekani ipi ya Amani.

Siku ya kupiga rangi wingu likafunga, akakataa. Kasema unyevu ukiwa mwingi rangi inapiga maziwa, inakuwa na ukungu mweupe haitoki tena. Nikarudi siku mbili mbele saa nne asubuhi jua limekaa, akapiga.

Kuna watu waliniambia peleka Dar kwenye rangi ya unga, ile inarushwa kwa umeme halafu ringi inaingia oveni digrii kama 200. Ni nzuri, sikatai, ila ikipata jeraha chumvi ikaingia chini inabanduka kipande kizima kama ganda la yai, na kwenye chombo kinachogonga mawe ya matumbawe kila siku mimi siitaki. Tena nauli ya boti na mzigo.

Sasa lawama. Aliniambia siku tatu, zikawa kumi na moja. Anang'arisha kupita kiasi, nilimwambia wastani kama ule ukingo lakini mafundi wetu bila kung'aa wanaona hawakufanya kazi, ringi zinawaka kama peremende. Na kubwa kuliko yote, kwenye ringi za nyuma alipaka rangi nene hata pale bolti zinapokaa. Rangi nene chini ya bolti inabonyea, bolti inabaki na nafasi. Siku ya pili kazini namwona kijana wetu anakuja na gurudumu la nyuma linacheza kama jino la mtoto, bolti zote zimelegea unazizungusha kwa vidole. Alhamdulillah alikuwa kwenye majani, sio barabarani. Nilipompigia fundi hakubisha, alikuja mwenyewe mpaka Jambiani na vifaa vyake, akakwangua viti vya bolti mpaka chuma, akapaka grisi kidogo, akakaza, hakuchukua hata nauli. Akala wali wa pweza kwa ami akarudi mjini.

Jumla nimelipa laki na 80 kwa ringi nne pamoja na kuchomea. Baada ya masika kuna jeraha moja tu ringi ya mbele kushoto, kijana aligonga ngazi, nimeliangalia kila wiki na kutu haijatambaa pembeni, imebaki pale pale. Malengelenge hakuna. Wiki iliyopita tumebadilisha tairi moja ya nyuma, kwa ndani njano tupu.

Mkienda mwambieni mapema aziache kavu sehemu za bolti, na kama mna kipande chenye rangi ya asili msikisugue nyumbani, mpelekeeni hivo hivo na uchafu wake. Ijumaa nendeni asubuhi, wakishakwenda kusali banda halifunguliwi tena mpaka Jumamosi.