Nyota tatu kwa waliotupulizia dawa ya mbu Tabata

Walifika saa tano na nusu badala ya saa mbili asubuhi. Naliweka hilo mwanzo kabisa kwa sababu tulikuwa tumeshatoa vyombo nje, tumefunika masufuria kwa khanga, na mtoto mchanga wa chumba cha nne alishalia mpaka sauti ikakauka. Vijana wawili, bodaboda moja, mashine ya moshi imefungwa nyuma kwa mpira. Bei tuliyopatana ni shilingi 90,000 kwa nyumba nzima: wapangaji sita, kila mmoja 15,000. Mimi ndiye niliyekusanya, kwa hiyo mimi ndiye ninayeulizwa mpaka leo kama hela ile ilifanya kazi. Jina la kampuni silitaji, maana kasoro zao nimeziona makampuni mengine pia.

Chanzo cha yote ni mimi. Nashona. Cherehani yangu iko barazani, na kuanzia saa moja asubuhi hadi magharibi miguu yangu iko chini ya meza. Mvua za masika zilipokuwa zinaishia nikashikwa na homa, nikajua malaria tu, nikapima, hakuna. Siku ya tatu macho yakaanza kuuma kwa nyuma. Ukitupa jicho pembeni unasikia kama linavutwa na uzi. Viungo navyo kama vimetiwa kinuni. Nikarudi hospitali, wakapima dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, wakaikuta. Daktari aliniandikia parasetamoli na kuniambia ninywe maji, uji, madafu, chochote kinachoteremka. Akanikataza aspirini na diklofenaki kwa sababu zinaweza kuleta kutoka damu. Diklofenaki ilikuwa humo humo mkobani! Naimeza kwa ajili ya mgongo miaka nenda rudi, mafundi wenzangu mnanielewa. Akanionya pia kwamba homa ikishuka nisishangilie, maana siku hizo ndizo za kuangalia kama tumbo linauma sana, unatapika mfululizo au fizi zinatoa damu. Yangu ilishuka siku ya sita, na usiku ule nililala napapasa fizi kwa ulimi.

Lililonitoa hela mfukoni ni neno lake la mwisho. Virusi vya dengue viko vya aina nne, ukiugua aina moja unabaki wazi kwa zile tatu, na mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Sasa huduma yenyewe. Moshi ulikuwa mwingi, mweupe, wenye harufu ya dizeli. Walipita chumba kwa chumba, ukumbini, chooni, uani, wakatuambia tukae nje saa nzima, kisha tufungue madirisha na kupiga deki. Kuku hawakuwauliza, niliwakumbusha mimi. Jioni ile tulikaa barazani hakuna aliyejipiga kofi hata moja. Ningeandika maoni haya siku hiyo, wangepata nyota tano na dua juu.

Kilichonishangaza ni yule kijana mdogo. Mwenzake akipuliza, yeye alizunguka ua na tochi ya simu na kopo jeupe. Kituo cha kwanza: kisahani kilicho chini ya chungu changu cha mshubiri. Cha pili: ndoo ninayolowekea vitambaa vipya. Akachota maji kwa kopo, akaniinamishia. “Mama, usilizibe kwa kivuli.” Nikazuia mwanga bila kutaka, na papo hapo vijidudu vikazama vikijikunjakunja kama uzi uliokatika kwenye sindano. Baada ya kitambo vikapanda tena, kimoja kimoja, vikaning’inia kichwa chini mkia juu, vinavuta pumzi. Viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nimewafuga mwenyewe, kwa maji safi ya bomba. Tangu yai mpaka mbu anayeruka, alisema, kwa joto la Dar ni siku saba hadi kumi.

Kisha akapitisha kidole ndani ya ndoo, juu kidogo ya pale maji yanapokomea. Kikatoka na vidoa vyeusi, kama masizi. Mayai. Ukimwaga maji hayaendi popote, yamegandia, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri siku utakayojaza tena. Dawa yake ni kusugua kwa brashi au kwa dodoki. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa namwaga maji tu, tena kwa majivuno.

Akaniuliza huwa naumwa na mbu saa ngapi. Nikamwambia chandarua changu hakina tundu. Akacheka kwa adabu. Mbu huyu, mwenye mistari meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jua linapoelekea kuzama, na anapenda vifundo vya miguu ya mtu aliyetulia. Yaani mimi na cherehani yangu. Dar ilipigwa na dengue mwaka 2014, ikapigwa tena 2019, na mara zote mbili nilikuwa nafunga mlango magharibi nikijiona mjanja.

La mwisho liliniuma. Mgonjwa wa dengue anatakiwa alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu akimnyonya anabeba virusi na kumpelekea mwingine. Mimi wiki nzima nililala mkekani barazani, watoto wa nyumba wamenizunguka. Wiki tatu baadaye mama wa chumba cha pili akaugua. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kumweleza.

(Tena homa za namna hii si ngeni huku kwetu. Mwaka 1870 Unguja waliugua homa waliyoiita kidinga pepo, na wapo wanaoamini kwamba jina la dengue limetokana na neno hilo.)

Nyota nilizokata ni hizi. Nyuma ya choo kuna tairi kuukuu la baba mwenye nyumba, limejaa maji ya mvua. Kijana alilimulika, akatazama, akasema haliko kwenye kazi waliyoagizwa. Wakaondoka wakaliacha. Pili, tulipoagiza kwa simu tuliahidiwa miezi mitatu bila mbu. Siku ya tisa nikamwona mmoja kwenye kifundo changu, miguu ina pete nyeupe, amejituliza kama mteja anayesubiri kupimwa. Nikapiga simu. Dada wa ofisini akanijibu, “Mama, ile garantii ni ya mende.” Moshi unaua mbu waliomo hewani saa ile, waliomo majini wanabaki na kuja kuruka baadaye. Kijana wao mwenyewe alinieleza hivyo uani. Basi kwa nini wanaopokea simu wanauza kitu kingine? Na risiti ya mashine hatukupewa, tulipewa karatasi ya daftari.

Tairi tulilimaliza wenyewe Jumapili. Baba mwenye nyumba aligoma kwanza, eti atakuja kuliuza, mwishowe akakubali tulijaze udongo. Mapipa na majaba nilinunua wavu wa dirisha, nikakata miduara, nikapitisha mpira wa sketi pindoni, yakapata kofia. Maji unachota, unarudisha kofia. Kila Jumamosi tunasugua ndoo kwa zamu, na kisahani cha mshubiri nimekitia mchanga. Mbu bado wapo, sitadanganya, maana uani kwa jirani kuna jaba lisilo na mfuniko na mbu hajui ukuta. Kofia yake nimeshaishona, nasubiri atoke safari.

Je, ningewaita tena? Kukiwa na wagonjwa mtaani, ndiyo, moshi una siku yake. Ila ningedai aje yule yule mwenye kopo. Wakati anafunga mashine kwenye bodaboda nilimuuliza ni shilingi ngapi akija kukagua tu na tochi yake, bila moshi. Akafikiri kidogo, akasema ofisini hiyo haina bei.