Uzoefu wangu na chipu ya namba ya kifuani kwenye mbio za barabarani

Nimetumia chipu za kupima muda wa mkimbiaji za aina mbili: ile ngumu ya plastiki inayofungwa kwenye kamba za kiatu na kurudishwa baada ya mbio, na hii nyepesi iliyobandikwa nyuma ya namba ya kifuani. Ya kifuani ndiyo ninayoipendelea, na naipa nyota nne kati ya tano.

Chipu haina betri wala saa. Antena iliyo kwenye mkeka unaotandikwa barabarani mahali pa kuanzia na kumalizia, au iliyosimamishwa pembeni mwa njia, hurusha mawimbi ya redio. Chipu hupata umeme wake kutoka kwenye mawimbi hayo na kujibu kwa kutaja namba yake tu. Muda huandikwa na mashine ya kusomea. Ukipita mara moja unaweza kusomwa mara kadhaa, na programu huchagua usomaji mmoja: mahali pa kuanzia kwa kawaida ni ule wa mwisho, mahali pa kumalizia ni wa kwanza au wenye nguvu zaidi.

Adui yake mkubwa ni maji. Chipu ya kifuani hutumia mawimbi ya megahezi 860 hadi 960, ambayo mwili wa binadamu, wenye maji mengi, huyafyonza. Ile ya kiatu ya zamani, ya kilohezi 134.2, haisumbuliwi sana na maji, ila lazima ipite karibu kabisa na mkeka. Kwa hiyo ukikuta kasponji nyuma ya namba, usikabandue: kanaitenga chipu na fulana iliyoloa jasho.

Funga pini nne kwenye pembe za namba, mbele, juu ya nguo zote. Usiikunje, wala usipitishe pini kwenye antena. Ukivaa mkanda wa kiunoni, usiuache uzunguke mpaka namba ikae mgongoni, na simu, chupa ya maji au jeli za kuongeza nguvu zenye karatasi ya foili visiifunike chipu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mita ya mwisho: mtu anainua mkono kuzima saa yake, mkono unapita kifuani, chipu inazibwa palepale juu ya mkeka. Pita kwanza, saa izime baadaye.

Msongamano nao huzuia usomaji, maana miili ya walio mbele na pembeni hukata mawimbi. Waandaaji makini huweka mkeka wa akiba mita chache baada ya ule wa kwanza. Nikiona mstari mmoja tu wa mikeka pa kumalizia, imani yangu hupungua. Na tafadhali, msisimame kupiga picha karibu na mikeka; chipu zenu zinaendelea kusomwa.

Kwenye matokeo angalia safu mbili. Muda wa bunduki huanza mlio wa kuanzisha mbio unapolia. Muda wa chipu huanza ulipovuka mstari wa kuanzia. Washindi na rekodi kwa kawaida hupimwa kwa muda wa bunduki, lakini Boston Marathon, kwa mfano, hupokea muda wa chipu kwa wanaotafuta kufuzu kushiriki mbio hizo. Ukianza nyuma ya umati, tofauti yaweza kufika dakika kadhaa.

Nyota moja naikata kwa sababu chipu hizi hutupwa baada ya mbio moja, na plastiki na alumini yake huishia jalalani.

Jina lako likikosekana kwenye matokeo, waandikie wapima muda mapema: taja namba yako, ambatisha rekodi ya saa yako ya GPS na picha yoyote inayokuonyesha ukimaliza.