iNaturalist kwa kumtambua nyuki mkata-majani: inafika wapi?

Mwenye bustani anayekuta majani ya waridi au bogenvilia yamekatwa vipande vya mviringo, mithili ya kazi ya mkasi, hana haja ya kukimbilia dawa, kwani aliyeyakata ni nyuki wa jenasi (kundi la spishi zenye udugu) ya Megachile, ambaye hutandika kwa vipande hivyo vyumba vya kutagia mayai. Kujua ni spishi ipi ndiko kugumu, maana jenasi hiyo ina spishi zipatazo 1,500, na kwa kazi hiyo nimekuwa nikitumia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na isiyotozwa malipo.

Hadi ngazi ya jenasi, inaridhisha sana. Picha ya ubavuni inayoonyesha chavua chini ya fumbatio (tumbo la mdudu), wala si miguuni kama kwa nyuki wa asali, kwa kawaida huitosha kupendekeza Megachile, na hata kumtenga Coelioxys, yule mwenye fumbatio lililochongoka ambaye hutaga katika viota vya wakata-majani (mdoezi hasa).

Kwenye spishi ndipo mambo hubadilika. Wataalamu huhesabu meno ya taya za jike na kukagua makali yaliyo katikati ya meno hayo, na kwa dume hutazama miguu ya mbele, ambayo katika baadhi ya spishi imepanuka na kupauka. Alama hizo huhitaji hadubini, na picha ya simu iliyopigwa nyuki akiwa kwenye ua la mbaazi haizionyeshi. Tena kompyuta ya programu hiyo, inayopendekeza majina, hufunzwa spishi zenye picha za kutosha tu, kwa hiyo mkata-majani wa Morogoro anaweza kupachikwa jina la jamaa yake wa mbali.

Ninachokithamini zaidi ni ukaguzi wa watu, yaani watumiaji wengine wanaotoa jina kwa kila rekodi iliyowekwa. Rekodi haihesabiwi kuwa inafaa kwa utafiti mpaka iwe na picha, tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wawe wamekubaliana. Rekodi ikikwama kwenye jenasi, naona ni heri kuliko jina la kubahatisha.

Anayetaka kusogea mbele apige picha za uso, taya, fumbatio kwa juu na kwa chini, na miguu ya mbele ya dume, ikiwezekana asubuhi kabla jua halijawachangamsha; lenzi ndogo ya kubana kwenye simu husaidia. Mkulima wa mbaazi atatosheka na jina la jenasi, ila anayeandaa orodha ya spishi bado atahitaji kupeleka sampuli makumbusho.