TAHADHARI: Anayeuza "Flash mpya" ya michezo ya kwenye mesenja ni TAPELI

Jamani, huyu fundi anayezunguka inbox za watu akijidai anatengeneza michezo ya mesenja, mblokuni leo hii. Ameniibia, na ninavyoandika mikono bado inatetemeka.

Mnaujua ule mchezo wetu wa Jumamosi. Nilibonyeza kuufungua, dirisha likaja jeupe tupu, katikati maandishi: sehemu ya kivinjari inayohitajika haipo. Nikauliza kwenye grupu. Hata dakika tano hazijaisha, huyo inbox. "Dada yangu, pole sana, hapo unakosa Flash." Na mimi Flash naijua, ile programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari ili michezo ifunguke! Enzi za MSN na Yahoo Messenger, mchezo ukigoma ni Flash au mwenzake ActiveX, unaweka, unafungua Internet Explorer upya, mnaendelea. Ndiyo maana nilimwamini. Alitaja vitu ninavyovijua, akatuma picha za "wateja" wanaomshukuru, tena hana haraka, ananielekeza kama kaka yangu wa damu.

Nikalipa. Akatuma faili. Antivirasi ikapiga kelele, akasema, "Izime kidogo dada, huwa inakataa toleo jipya." Nikaizima, kwa mkono wangu huu. Kisha akataka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu, eti za kuunganisha mchezo na akaunti. Nikamsomea! Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu nikatolewa kwenye akaunti yangu mwenyewe. Jioni mama mkwe ananipigia analia, anauliza nimelazwa wapi, maana "nimemwomba" hela ya matibabu na ameshatuma. Aibu hiyo sijui nitaiweka wapi.

Mtu kama huyu afungwe. Mama wa watu amemlia akiba yake! Mripotini kila mahali, msimwonee huruma hata akilia.

Flash ilikuwa ya bure siku zote, na Adobe waliachana nayo tarehe 31 Desemba 2020. Kuanzia 12 Januari 2021 ikazuiwa hata kufungua michezo. Hilo toleo jipya analitoa wapi? Michezo ya sasa inaendeshwa na kivinjari chenyewe, ikigoma sasisha kivinjari, futa kache (kumbukumbu za muda za kivinjari). Anayekwambia uzime antivirasi, mkimbie. Zile tarakimu ni za kuingilia kwenye akaunti yako, usimpe mtu.

Akaunti yangu ya zamani bado anayo. Ikikuandikia, hata ikikuita kwa jina la nyumbani, si mimi.