Nimeirudia Sailor Moon S baada ya miaka mingi, na safari hii nimekaa upande wa Usagi

Mwezi uliopita nimemaliza kuirudia Sailor Moon S yote, episodi 38, usiku baada ya kazi, kwa muda wa wiki tatu hivi, na nimeona niandike maana kuna vitu vimenikaa rohoni. Kwa wasioijua, Sailor Moon ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Toei Animation iliyotokana na manga (vitabu vya katuni) ya Naoko Takeuchi, inahusu wasichana wa shule wa Tokyo wanaojibadilisha kuwa mashujaa wenye nguvu za sayari, kiongozi wao Usagi ndiye Sailor Moon mwenyewe, na hii S ndiyo sizoni ya tatu, ilirushwa Japani kuanzia Machi 1994 mpaka Februari 1995, episodi ya 90 mpaka 127 ukihesabu toka mwanzo. Mkurugenzi alikuwa Kunihiko Ikuhara. Kwangu mimi hii ndiyo sizoni bora kuliko zote tano na sijabadilisha mawazo, kilichobadilika ni nani nakubaliana naye humo ndani.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa sekondari, CD za kuchoma nilizoazimwa na rafiki yangu, dabu (yaani sauti zilizobadilishwa lugha) ya Kiingereza ya zamani ile ya mwaka 2000 ambayo Usagi anaitwa Serena na Chibiusa, binti yake aliyetoka siku za mbele, anaitwa Rini. Nilikuwa naangalia na mdogo wangu sebuleni, yeye alikuwa darasa la tano. Nitarudi kwa mdogo wangu maana yeye ndiye sababu ya mimi kuipenda hii kitu hivi.

Safari hii nina diski halisi, binamu yangu aliniletea alipokuja likizo. Tahadhari kwa anayetaka kuagiza: DVD zinazouzwa Marekani ni za rijoni 1, yaani zimefungwa zicheze kwenye deki za huko, na sisi huku Afrika Mashariki ni rijoni 5, deki yetu ya nyumbani ilizitema palepale na nikakaribia kulia, mwishowe nikatumia laptop na programu ya VLC zikacheza vizuri tu. Kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujatoa hela. Picha ni nzuri, kumbuka ni kitu cha 1994, kila picha ilichorwa na kupakwa rangi kwa mkono, zile anga za jioni za zambarau na pinki nyuma ya majengo ya Tokyo hazijachuja hata kidogo, na mchoraji wa wahusika alibadilika kuanzia sizoni hii, akaingia Ikuko Itoh, macho na nyuso zikapata ulaini fulani ambao sizoni mbili za mwanzo hazikuwa nao.

Sauti nakushauri uweke Kijapani. Dabu mpya ya Viz Media siyo mbaya, majina yote ya asili wameyaacha na hawajakata kitu, ila Megumi Ogata akimtolea sauti Haruka, Sailor Uranus, ni habari nyingine, ile sauti ya chini iliyotulia, akiongea tu unajua huyu mtu ana siri. Na Setsuna, Sailor Pluto, wenzake wote wakipiga pigo wanapaza sauti lakini yeye la kwake analisema kwa kunong'ona. Nililisahau kabisa hilo, nilipolisikia tena nywele zilinisimama.

Sasa Haruka na mwenzake Michiru, Sailor Neptune. Kwenye dabu ile ya zamani waliwafanya mabinamu, wakawaita Amara na Michelle, na sisi tuliokuwa watoto tukaona kuna kitu hakikai sawa, mabinamu gani wanaangaliana hivi? Kwenye Kijapani hakuna fumbo, ni wapenzi, na ukishajua hivyo sizoni nzima inasomeka upya. Episodi ya 106 ambayo inaonyesha walivyokutana, Haruka ni mkimbiaji na dereva wa magari ya mashindano, anakimbia asiitwe kwenye vita, Michiru ameshaitwa zamani yuko peke yake, halafu Michiru anaumia akimkinga Haruka, na Haruka anachoona kwanza ni mikono ya Michiru, anasema wewe ni mpiga fidla, ikiharibika je? Zamani niliipita hiyo sehemu kama maji. Safari hii nilisimamisha nikatoka nje kupunga hewa kwanza.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna hirizi tatu zimefichwa ndani ya mioyo safi ya watu watatu, zikikutana kinatokea kikombe kitakatifu, na kikombe hicho kikishikwa na mtu sahihi dunia inapona, kikishikwa na mtu mbaya dunia inakwisha. Shida ni kwamba kutoa hirizi ndani ya moyo ni kumuua mwenye moyo. Haruka na Michiru wameshapiga hesabu: watu watatu wafe, bilioni wapone. Usagi anakataa. Anakataa kabisa, na hana mpango mbadala, analia tu na kusema hapana.

Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa na Haruka asilimia mia. Nilimwona Usagi mtoto wa mama, nikasema dunia inaisha huyu anataka kumwonea huruma kila mtu. Na episodi ya 110 ikanipa nguvu, maana pale inagundulika hirizi mbili ziko ndani ya Haruka na Michiru wenyewe. Waswahili tunasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, lakini hawa haikuwa hivyo, zamu yao ilipofika hawakurudi nyuma hata hatua. Michiru anavuka daraja huku akipigwa kila upande ili tu amfikie Haruka, na Haruka akamfuata mwenzake kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tumekulia kwenye kusema steringi hafi, na hapa wawili wamelala chini. Wanarudi, ndiyo, Pluto anakuja na hirizi ya tatu, lakini zile dakika chache ni nzito.

Kisha anaingia Hotaru.

Jina lake kwa Kijapani maana yake kimulimuli. Ni mtoto wa miaka 12, mweupe kama karatasi, mgonjwa, anavaa nguo nyeusi, chumba chake giza na amekijaza taa anazokusanya. Wenzake shuleni wanamwogopa, maana anashikwa ghafla na maumivu anaanguka, na ana uwezo wa kuponya vidonda kwa kushika tu, hata hilo linawatisha. Siku moja upepo unapeperusha kofia ya Chibiusa, Hotaru anaikamata, Chibiusa ameumia kidogo, Hotaru anaweka mkono na kidonda kinaondoka, halafu uso unamwangukia maana anasubiri kukimbiwa kama kawaida. Chibiusa anafurahi. Anamwona ni mtu wa ajabu kwa uzuri, wanakuwa marafiki, basi.

Mdogo wangu ana kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la tatu. Waliokulia huku wanajua maana yake, watoto waliambiwa povu linaambukiza, dawati la watu watatu akawa anakaa peke yake, bombani akinywa maji wanaosha mdomo wa bomba kabla hawajanywa wao. Alikuwa hasemi kitu nyumbani. Usiku ule tulipofika kwenye kofia aliniambia, "Dada, rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Mara ya nne nilimwangalia yeye badala ya luninga, alikuwa amekaa kwenye mkeka magoti kifuani na midomo inatembea, ameshayashika maneno ya Rini yote.

Sasa hapo ndipo hadithi inapobana, maana ndani ya Hotaru amelala adui, Mistress 9, na ndani yake tena kuna Sailor Saturn mwenye nguvu ya kumaliza dunia, na Haruka na Michiru na Setsuna wanaamua huyu mtoto auawe kabla hajaamka. Hesabu ileile. Bado nilikuwa upande wao, namwambia mdogo wangu ndiyo hivyo, inabidi. Hakunijibu.

CD ya mwisho ilikuwa na mikwaruzo. Iliganda kwenye episodi ya 125, pale Hotaru ameshaamka kama Saturn na ameingia kwenye giza la Pharaoh 90, adui mkuu, kwenda kufa nalo, na Usagi hana tena kikombe, anaita nguvu yake ya kujibadilisha, haiji, anaita tena, haiji, anaita huku analia sauti imekatika. Picha ikaganda hapo. Tulifuta kwa kitambaa, tukaipaka dawa ya meno kama tulivyoambiwa, wapi. Karibu mwaka mzima hatukujua Hotaru aliishia wapi. Mimi nilisema amekufa, steringi hafi ila Hotaru siyo steringi. Mdogo wangu kila tukilala ananiambia, "Serena ameenda kumchukua dada, we subiri."

Na ndivyo ilivyo. Tulipokuja kuipata, Usagi anaingia mwenyewe kwenye lile giza na anatoka amebeba kichanga. Hotaru amezaliwa upya. Mdogo wangu hakuruka wala nini, alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeletewa chenji yake kamili.

Safari hii nimeangalia na mtoto wa huyo mdogo wangu, ana miaka tisa, anakujaga kulala kwangu wikiendi. Kijapani hajui na kusoma maandishi ya chini ya Kiingereza hawezi kwa spidi ile, basi nikawa mkalimani, kama wale wa muvi za kibanda umiza, natafsiri huku nabadilisha sauti. Na kutafsiri kunakulazimisha usikie kila neno. Tulipofika pale wakubwa watatu wanakubaliana, nikatafsiri, akaniuliza, "Mamkubwa, kwa nini wasimpeleke hospitali?" Nikaanza kumweleza hesabu ya dunia na mtu mmoja, ile ile niliyompa mama yake, na katikati ya sentensi nikajisikia siiamini tena. Kumbe Usagi hakuwa hajui hesabu. Yeye alikuwa anaangalia mtoto aliye mbele yake, na wale wengine wanaangalia kitu kilicho ndani ya mtoto. Tena hadithi haimpendelei, maana huruma yake inamponza kweli, anampa Mistress 9 kikombe kwa kuamini Hotaru bado yumo, na kikombe kinapotea na dunia inakaribia kwisha kwa sababu yake. Lakini Hotaru alikuwemo kweli. Anamrudishia Chibiusa uhai wake, ule aliouchukua Mistress 9. Wasingemwachia nafasi asingeweza kufanya hivyo.

Mapungufu yapo na nitayasema. Ule mtindo wa mnyama mmoja kila episodi unachosha, haswa episodi ishirini za mwanzo, mtu mwema anatokea, anatolewa fuwele ya moyo, kumbe siyo yeye mwenye hirizi, tunaonana wiki ijayo. Michoro ya kujibadilisha inarudiwa ileile kila siku, ukiangalia episodi tatu mfululizo utaisogeza mbele tu. Ami, Rei, Makoto na Minako, mashujaa wenzake Usagi, wamewekwa pembeni, ukiwa shabiki wao utaumia. Mamoru, mpenzi wa Usagi, ndiyo kabisa, anatupa ua lake anaondoka. Na wale wachawi watano wa upande wa adui, Eudial na Mimete wamepewa nafasi nzuri, waliobaki wanakuja na kuondoka kabla hujashika majina.

Ila Eudial jamani. Anaendesha gari lake na mnyama kwenye boksi nyuma, anafanya kazi mpaka usiku kama karani wa ofisini anayetafuta kupandishwa cheo, na anakufa kwa sababu mwenzake wa kazi Mimete amemharibia breki kwa konokono. Binti alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama yule dada alikuwa na watoto.

Kama hujawahi kuona na huna muda wa episodi zote 38, anza na 92 umjue Haruka, kisha 106, 110, halafu 112 usikatishe mpaka mwisho. Watoto wa miaka nane kwenda juu sioni tatizo, lakini kaa nao.

Jumamosi ya mwisho mama yake alikuja kumchukua, akatukuta tunamalizia 127. Hakusema salamu vizuri, alisimama mlangoni na pochi begani akauliza, "Dada, ile ya kofia iko diski gani?" Nikaitafuta. Tumekaa watatu kwenye mkeka, wali unapoa jikoni, na nilipotaka kutafsiri akaninyamazisha kwa mkono, akamtafsiria mwanae mwenyewe, maneno ya Chibiusa yote bila kuangalia maandishi. Kisha akasema rudisha nyuma kidogo.